Wanaosomea urubani: kikokotoo cha kuzungusha kwa mkono au cha betri? Wana Chuga tujadili

chalii_wa_kisongo

Wakuu habari za saa hizi, niende moja kwa moja kwenye mada.

Nipo hapa Arusha nasomea PPL (leseni ya rubani binafsi), darasani tumeingia kwenye navigesheni na kila mtu anatakiwa awe na kikokotoo chake. Sasa kambi ziko mbili. Mwalimu anataka E6B ile ya mkono, lile duara la kuzungusha lenye kadi inayopita katikati, anasema hajali ni ya bati au ya plastiki au ya karatasi ngumu ila uwe nayo mezani. Wenzangu kadhaa wao wameagiza za elektroniki, CX-3 ya ASA, wanabonyeza vitufe af jibu linatoka mimi bado natafuta penseli.

Ya mkono ya alumini naiona mtandaoni kama dola 30 na kitu. Ya elektroniki inavuka dola 100 kabla ya nauli ya kuifikisha huku na ushuru juu. Hela yangu ni ya kujibana, nikinunua moja ndo basi tena. Nyie mnaoruka kila siku hapo Kisongo uwanja wa Arusha na KIA nishaurini nichukue ipi na kwa nini. Na tafadhali msiniambie "zote nzuri", hiyo nimeshaambiwa na kila mtu.

mtu_wa_sakina

Nimekaa hapa nasubiri wajuzi. Ila mimi niliye chini huku kwenye vumbi nauliza, rubani anahitaji kikokotoo cha nini wakati ndege ina GPS? Si unaweka tu unakokwenda kama unavyoita Bolt?

mangi_wa_anga

Mtu wa Sakina swali lako ni la msingi wala usione aibu. GPS ya kwenye vindege vya mafunzo inakwambia sasa hivi unakwenda kasi gani. Swali la rubani ni la jana yake usiku akiwa mezani, mafuta yatatosha kwenda na kurudi na akiba ikabaki? Hapo ndege imelala na GPS imezimwa.

Chukua mfano wa hapahapa. Arusha kwenda Seronera kule Serengeti kwa mstari wa rula kwenye ramani ni kama maili 121 za baharini, uelekeo kama digrii 297 (acha kwanza habari ya kukwepa milima ya Ngorongoro, tunapiga hesabu tu). Una Cessna 172 inayokata hewa kwa noti 110, yaani maili 110 za baharini kwa saa. Upepo unatoka mashariki, 090, noti 15. Bila upepo ungetumia dakika 66 kwenda na 66 kurudi. Ukiuingiza upepo unakwenda kwa noti 123 juu ya ardhi, dakika 59, unafurahi. Kurudi upepo uleule unakukaba usoni unashuka noti 96, dakika 75. Jumla 134, sio 132, maana dakika unazopoteza kurudi ni nyingi kuliko ulizookoa kwenda, watu wengi wanadhani upepo unajilipa wenyewe kumbe haujilipi kamwe. Kwa injini inayokunywa galoni 8.5 kwa saa hiyo ni galoni 19 kasoro kidogo za kukimbia angani tu, bado kuwasha, kuteksi (kutembea chini), kupanda na akiba. Ndo hesabu hizo zinafanywa na hicho kidude.

Sasa chalii wa Kisongo, mimi naendesha ndege ya Caravan na jibu langu ni ya mkono. Sababu nitaitoa nikitua, saa hizi nipo kazini.

binti_wa_mawingu

Mangi ametoa hukumu akakimbia 😂

Mi ntakupa upande wa pili maana najua wazee wote wa hapa watakuja na "zamani sisi". Nilisomea Marekani, kule mtihani wa kuandika wa FAA, mamlaka yao ya anga, wanaruhusu zote mbili, ya mkono na ya elektroniki, mradi iwe imetengenezwa kwa kazi ya ndege na memori isiwe na vitu umevihifadhi humo. Nilikaa na CX-3 kwenye mtihani na sijutii hata kidogo. Maswali ni mengi, muda unakimbia, unaingiza uelekeo, kasi, upepo, inakupa hedingi (pua ielekee wapi) na graundspidi (kasi juu ya ardhi). Kubadili lita kwenda galoni kwenda kilo ni kitufe. Uzito na mizani ya ndege inafanya, ya mkono haifanyi hiyo ni kalkuleta ya kawaida na karatasi. Halafu ile habari ya kukodoa macho kwenye vimistari vya plastiki kujua ni 12.3 au 12.4 wakati jibu A ni 12.2 na jibu B ni 12.5, hapana, mi sina ujana wa kupoteza hivo.

Na betri ni zile ndogo za AAA nne, zinauzwa kila duka, kwaiyo hoja ya "betri itaisha" naomba isije humu.

mzee_wa_majedwali

Betri itaisha.

😀 Natania binti yangu, shikamoo sihitaji. Ila hiyo uliyosema ya kukodoa macho ndo penyewe pa kuanzia. Sisi tuliosoma kidato cha pili na majedwali ya logi tunakijua hicho kidude hata kama hatujawahi kukaa mbele ya ndege. Lile duara ni logi tu zimechorwa kwenye mviringo. Napier wa Uskoti alitoa logi zake 1614, baada ya hapo watu wakagundua ukipanga namba kwa urefu wa logi basi kuzidisha kunageuka kujumlisha, unasogeza mstari mmoja kando ya mwingine na jibu liko pale. Hiyo E6B yenyewe ni ya Philip Dalton, Mmarekani wa akiba ya jeshi la majini, alianza kuchonga vikokotoo vya namna hiyo miaka ya 1930, jina E-6B likatokana na namba ya vifaa ya jeshi lao la anga wakati wanaipokea 1940. Yeye mwenyewe alikufa 1941 kwa ajali ya ndege akiwa anamfundisha mwanafunzi. Vita vikaisha, ndege zikabadilika, redio zikabadilika, kidude chake kipo vilevile hadi darasani kwa chalii wa Kisongo.

Sasa la muhimu, lile duara HALINA DESIMALI. Namba 12 pale inaweza kuwa 1.2 au 12 au 120 au 1,200. Duara halijui na halitakuambia. Lazima kichwani uwe umeshakadiria kwamba hapa jibu liko karibu na 60, ndo usome. Watu wanaona huo ni upungufu, mimi naona ndo mali yenyewe. Mtu aliyezoea duara hawezi kuandika galoni 84 kwa safari ya saa moja ya 172 kwa sababu mkono wake haujawahi kusoma namba ambayo kichwa hakijaitarajia.

fundi_wa_tanki

Mzee umegusa kidonda. Mi sio rubani, nashughulika na ndege zikiwa chini, na naomba niwakumbushe kisa cha Air Canada 1983 mwezi wa saba, Boeing 767, safari namba 143. Ndege ilikua mpya inapima mafuta kwa kilo wakati wengi pale walizoea paundi, geji za mafuta zilikua mbovu, wakapima tanki kwa kijiti. Kijiti kikasema lita 7,682 zipo. Safari inataka kilo 22,300. Sasa kubadili lita kua kilo unazidisha na 0.8 na ushee, wao wakazidisha na 1.77 ambayo ni ya PAUNDI. Wakajiona wana kilo elfu kumi na tatu na nusu kumbe wana elfu sita tu. Wakaongeza lita 4,917 badala ya lita elfu 20 na ushee. Walikua futi 41,000 shida ilipoanza, injini zote mbili zikazima moja baada ya nyingine, rubani bahati alikua anajua kuendesha glaida (ndege isiyo na injini) akaishusha kwenye uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli, hakufa mtu.

Ukiangalia hesabu zao za kuzidisha na kugawanya hazina kosa. Kalkuleta yoyote ingewapa jibu lilelile. Kosa lipo kwenye namba waliyoiingiza. Na hapa kwetu ndo balaa zaidi maana kitabu cha Cessna kinaongea galoni za Marekani na paundi, boza la mafuta linaongea lita, urefu wa njia ya kurukia ni mita, mwinuko ni futi. Galoni ni lita 3.785. Avgas, mafuta ya injini za pistoni kama ya 172, lita moja ni kilo 0.72, Jet A-1 ya ndege za tabaini iko kwenye 0.8. Hizo ziwe kichwani kabla ya kifaa chochote.

mangi_wa_anga

Nimetua. Fundi asante, hicho kisa kila darasa lisimuliwe.

Sasa sababu yangu, na sio nostaljia maana mi mwenyewe sio mzee. Ukiweka graundspidi 123 juu ya ule mshale mkubwa wa 60, umemaliza. Huna kingine cha kugusa. Angalia duara lote, maili 20 iko juu ya dakika 10 kasoro kidogo, maili 40 iko juu ya 19 na nusu, 121 iko juu ya 59. Majibu yote ya safari nzima yamelala mezani kwa wakati mmoja. Mtawala wa anga akikuuliza utafika pale saa ngapi unatupa jicho tu. Mafuta vivyo hivyo, weka 8.5 kwenye mshale kila dakika ina galoni zake. Ya elektroniki inakupa jibu moja kwa swali moja, ukitaka lingine unaingiza upya, na ukiwa peke yako kwenye mtikisiko wa saa nane mchana juu ya Monduli unashika usukani kwa mkono mmoja, kubonyeza vitufe vidogo ni kazi ya kutafuta ajali.

Na upande wa upepo ndo kabisa, ile nukta ya penseli unayoichora kuonyesha upepo ni PICHA. Unaona upepo umekaa wapi ukilinganisha na pua ya ndege. Ukigeuza duara kuelekea nyumbani unaiona nukta inahama kutoka nyuma inakuja mbele, hakuna haja ya kuambiwa kwamba kurudi utachelewa.

kidato_cha_anga

Samahani kuingilia wakuu, na mimi ni mwanafunzi niko Moshi. Hiyo picha anayosema mangi mbona kwangu haiji? Nimechukua mfano wake huohuo wa Seronera nikafanya kwenye E6B napata noti 97 kwenda. Rafiki yangu mwenye ya elektroniki anapata 123. Nimerudia tena na tena ni 97. Na hedingi inanitoka 294 wakati yake ni 300. Je kadi yangu mbovu?

binti_wa_mawingu

Ndo hayo nasema 🙄

mangi_wa_anga

Kidato kadi yako nzima. Nieleze ulivyofanya hatua kwa hatua, ulichora nukta juu au chini ya kitovu, pale katikati ya duara? Na kitovu ulikiweka kwenye namba gani?

kidato_cha_anga

Niliweka 090 juu kwenye alama, nikahesabu 15 kwenda JUU nikachora nukta, hiyo niliiona YouTube. Halafu nikazungusha hadi 297, nikaweka kitovu kwenye 110 ambayo ndo kasi ya ndege, kama mwalimu anavyofundisha darasani. Halafu nikasoma kwenye nukta.

mangi_wa_anga

Hahaha nilijua. Umechanganya mapishi ya nyumba mbili.

Sikiliza vizuri na chalii wa Kisongo nawe sikiliza maana litakukuta. Kuna njia ya Wamarekani na njia ya Waingereza, zote sahihi ila huwezi kuanza na moja ukamalizia na nyingine.

Ya Wamarekani, hiyo ya YouTube. Upepo 090 kwenye alama ya juu, unahesabu 15 kwenda juu ya kitovu, nukta. Zungusha uelekeo 297 uje juu. Sasa sogeza kadi mpaka NUKTA ikae kwenye 110, sio kitovu. Graundspidi unaisoma kwenye KITOVU, itakua 123. Nukta iko kulia kwa digrii tatu na nusu hivi, kwaiyo unaongeza kulia, hedingi 300 na nusu.

Ya Waingereza, ambayo wengi hapa tunafundishwa na ndo ya CRP-5 ya Pooleys. Upepo 090 juu, unahesabu 15 kwenda CHINI ya kitovu, nukta. Kitovu kwenye 110 kinabaki hapo. Zungusha 297 juu, utaona nukta imekwenda juu kushoto, maana yake upepo unakusukuma kushoto kama digrii tatu. Basi geuza duara kulia digrii tatu, 300 iwe juu, hakikisha kusukumwa bado ni tatu, umemaliza. Graundspidi unaisoma kwenye NUKTA, 123.

Wewe ulichora juu kama Mmarekani ukaweka kitovu kwenye kasi kama Mwingereza. Hapo umeugeuza upepo wa nyuma ukawa wa mbele bila kujua, ndo maana 97.

Lakini ona sasa. Upepo unatoka mashariki, wewe unakwenda magharibi na kaskazini kidogo. Upepo uko mgongoni. Utapataje 97 ambayo ni chini ya 110? Swali hilo ulitakiwa ujiulize kabla ya kushika penseli, na ukijiuliza hilo hata ukikosea nukta unajua papohapo.

kidato_cha_anga

Dah! Nimepata 123. Asante sana kaka, hii darasani sikuwahi kuambiwa kuna njia mbili.

binti_wa_mawingu

Sasa mangi hiyo hoja ya mwisho si inafanya kazi na kwangu pia? Mtu akijua upepo uko mgongoni hata CX-3 ikimpa 97 atashtuka. Kwaiyo sio kifaa, ni kichwa. Umejifunga mwenyewe.

mangi_wa_anga

Nakubali nusu. Nusu nyingine jaribu hili. Chukua CX-3 yako hiyo, weka 297 kwenye nafasi ya upepo na 090 kwenye nafasi ya uelekeo, yaani umezigeuza kwa haraka ya mtihani. Niambie inakupa nini.

binti_wa_mawingu

Subiri...

Graundspidi 123 🤔 ileile. Hedingi 087.

mangi_wa_anga

Enhee. Kasi imetoka sahihi kabisa, mtu anaona 123 anasema nimepata, anaandika dakika 59, anaandika mafuta, kila kitu kinakubaliana na jirani yake. Ila hedingi 087 kutoka Kisongo unakwenda Moshi sio Serengeti 😂. Mashine haijakukatalia wala haijapiga kelele. Kwenye duara kosa hilo unaweza kulifanya pia ila mkono wako ungekua unazungusha 090 kuipeleka juu kwenye alama ya uelekeo, polepole, unaiona kwa macho kwamba pua inaelekea mashariki. Huo upole ndo ninaoutetea.

mtu_wa_sakina

Naanza kuelewa sasa na sijawahi hata kupanda ndege. Endeleeni

mzee_wa_majedwali

Mtu wa Sakina ukija mjini nikuuzie la kwangu la karatasi.

rubani_mstaafu_wa_simu

Nyie wote mnabishana vitu vya makumbusho. Nani anaruka leo bila ForeFlight au SkyDemon kwenye tableti? Upepo unajishusha wenyewe kutoka mtandaoni, njia unaichora kwa kidole, mafuta inakupigia. Hizo dola 30 na hizo 100 zote weka kwenye tableti.

fundi_wa_tanki

Tableti kwenye kioo cha mbele cha 172 iliyopaki Seronera saa saba mchana mkuu? Apple wenyewe wanasema iPad itumike kwenye joto lisilozidi digrii 35. Kibini kilichofungwa juani kinapita hapo bila kuomba ruhusa. Inaandika kwenye skrini kwamba ipoe kwanza af inakaa kimya. Mi nimeshaona marubani wanaipepea na karatasi za mizani. Nzuri sana ikiwa nzima, sikatai.

Na wa plastiki nao msicheke, E6B ya plastiki ukiiacha kwenye dashibodi ya gari inajikunja, duara linaanza kukwama kwenye kona moja. Ya alumini haijikunji ila ukiiangusha kona ikapinda kadi haipiti tena vizuri.

rubani_mstaafu_wa_simu

Sawa ila kwenye kazi halisi hakuna anayezungusha duara.

mangi_wa_anga

Kwenye kazi halisi hata mimi kila siku asubuhi natumia tableti na karatasi za kampuni, hilo sifichi. Chalii hajauliza kazi halisi, ameuliza anunue nini akiwa mwanafunzi, na tableti kwenye chumba cha mtihani haingii.

binti_wa_mawingu

Tukija kwenye mtihani naomba niseme kitu ambacho hakitanifurahisha mwenyewe. CX-3 yangu inakubalika FAA. Upande wa Ulaya, EASA ambayo ndo mamlaka yao ya anga, mwongozo wao unataja kalkuleta ya sayansi isiyoprogramiwa na kikokotoo cha MKONO cha navigesheni, ya elektroniki ya ndege haimo. Wenzangu waliotoka Marekani wakaenda kubadili leseni Ulaya walilazimika kujifunza duara uzeeni. Kwaiyo chalii kabla hujatoa hata shilingi nenda kamuulize mwalimu wako na TCAA, mamlaka ya anga ya hapa, wenyewe nini kinaingia kwenye chumba chao cha mtihani, usisikilize mtu wa mtandaoni nikiwemo mimi. Na kama una ndoto ya kwenda mbele, Afrika Kusini, Ulaya, Ghuba, kumbuka ya mkono sijawahi kusikia mahali inakataliwa.

chalii_wa_kisongo

Wakuu nimewasoma wote, hasa hiyo ya Moshi imenichekesha maana na mimi nilikua naangalia YouTube hiyohiyo.

Swali la nyongeza. Densiti alititudi, yaani mwinuko ambao ndege inajiona ipo kutokana na joto na wepesi wa hewa. Mwalimu anasisitiza sana kwamba Arusha ndo inaua watu wasiojua, hiyo ipi inafanya vizuri?

mangi_wa_anga

Zote zinafanya, na hii ndo hesabu ambayo hata kifaa huhitaji. Uwanja wetu uko futi 4,500 na ushee. Chukua 4,500. Joto la kawaida usawa wa bahari ni 15, unapunguza 2 kwa kila futi elfu, kwaiyo hapa joto la kawaida lingekua 6. Mchana wa mwezi wa pili ni 28. Tofauti 22. Kila digrii ni futi 120, 22 mara 120 ni 2,640. Jumlisha, futi 7,140. Yaani umekaa Kisongo hapo kando ya barabara ya Dodoma lakini injini na mabawa yanajiona yako futi elfu saba. Injini inakosa pumzi, panga haishiki hewa, unakimbia mita nyingi zaidi chini kabla ya kuinuka na ukiinuka unapanda kivivu. Moshi iko karibu futi 2,800, KIA futi 2,900 na ushee na njia ndefu mno ya kimataifa, kwaiyo mtu aliyezoea kule akija hapa mchana na abiria watatu na matanki yamejaa anashangaa mwisho wa njia unamjia mapema.

Kwenye duara kuna kidirisha, unaweka joto mkabala na mwinuko unasoma jibu. Kwenye CX-3 unaingiza mwinuko na joto. Ila angalia kwenye ya elektroniki kama joto liko Selsiasi au Farenhaiti, 28 ya Farenhaiti ni baridi ya kuganda, itakupa namba nzuri ya kukufurahisha kisha ukutane na ukweli mwisho wa njia.

fundi_wa_tanki

Na ndo maana safari nyingi za mafunzo mnaziona saa kumi na mbili asubuhi. Watu wa Kisongo wanalalamika kelele, hawajui ni hewa nzito inatafutwa.

mzee_wa_majedwali

Chalii nina jingine dogo. Kuna ya tatu hawajaitaja, ile ya Jeppesen ya mviringo mtupu, CR-2, haina kadi ya kusogeza, inaingia mfuko wa shati. Upepo wake unafanywa kwa kuugawa wa mbele na wa ubavu. Nzuri sana ila mwalimu wako kama anafundisha ya kadi usijitenge na darasa, utabaki unaelewa peke yako.

binti_wa_mawingu

Basi ngoja nimalizie upande wangu. Nisingekua nimesoma mifumo ile ningenunua ya mkono kwanza. Ya elektroniki nunua ukishaweza kufanya swali la upepo kwenye duara huku mtu anakuongelesha. Ukifika hapo CX-3 ni raha tupu, unaitumia kuhakiki, hasa safari yenye vipande vingi. Mangi usiscreenshot hii.

mangi_wa_anga

Nimeshaihifadhi 😂

chalii_wa_kisongo

Nimeamua. Nachukua ya alumini, nimeongea na jamaa anakuja kutoka nje mwezi ujao ataniletea, na leo nimemuuliza mwalimu akasema anafundisha nukta ya chini kwa hiyo YouTube naiacha kwanza. Ya elektroniki nitaazima kwa mwenzangu siku za kufanya mazoezi ya mtihani kama ikithibitika inaruhusiwa. Hela iliyobaki naiweka kwenye saa za kuruka.

kidato_cha_anga

Penseli gani inafutika vizuri kwenye hiyo plastiki? Yangu imeacha nukta za kila upepo tangu nianze, nikiangalia sijui ipi ya leo.

mangi_wa_anga

Penseli laini, 2B kwenda juu, na raba nyeupe. Kalamu ya wino usiguse. Zilizogoma pangusa na kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, spiriti usitumie itafifisha plastiki usione vimistari vya chini.

mtu_wa_sakina

Mzee wa majedwali hiyo ya karatasi bei gani? Sirukii popote, nataka tu nimchanganye mwanangu wa kidato cha pili.

mzee_wa_majedwali

Ya bure hiyo, njoo Kilombero Jumamosi asubuhi nipigie ukifika. Mwambie mtoto aje na majedwali yake ya logi.